Pindeni: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Pindeni ni kijiji cha kubuni kilichomo msituni, kimejengwa kuzunguka nyumba moja ya wawindaji. Tunakicheza mezani kila Jumamosi jioni, watu sita hadi tisa, kwenye baraza la nyumba moja Nyegezi hapa Mwanza: dadu mbili, daftari, kamba yenye mafundo, na ramani iliyochorwa mgongoni mwa kalenda ya zamani. Mimi ndiye msimulizi. Maswali ya humu nimeulizwa mara nyingi kiasi kwamba chai yangu imezoea kupoa. Soma kwanza, kisha njoo uulize yale ambayo hayamo.

## Mambo ya mwanzo

Mchezo wenyewe unachezwaje?

Kila mchezaji ana mhusika wake kijijini: jina, kazi, ukoo, na kitu kimoja anachokiogopa. Msimulizi anaeleza hali ilivyo, mchezaji anasema mhusika wake anafanya nini. Jambo likiwa la hakika, linatokea tu. Likiwa la kubahatisha, kama kumpiga mshale pongo, yule swala wa vichakani, alfajiri kabla hakujapambazuka, tunarusha dadu. Saba kwenda juu umepata. Chini ya hapo kuna gharama. Hakuna mshindi. Mtu akiuliza "nani kashinda leo?" tunajua huyo bado mgeni.

Nije na nini?

Kalamu. Karanga zinakaribishwa. Umeme ukikatika tunaendelea kwa tochi ya simu, na ukweli ni kwamba vikao vyetu vitamu zaidi vimekuwa vya giza.

Pindeni kipo wapi? Kuna ukweli wowote ndani yake?

Kwenye ramani ya nchi hakipo, lakini sikukiokota hewani. Msitu wake nimeuazima Rubondo, kile kisiwa cha upande wa Geita ambacho ni hifadhi ya taifa tangu 1977, na ambacho sehemu kubwa ya nchi kavu yake ni msitu mnene unaoshuka mpaka majini. Mawe yake ni ya Mwanza, haya haya yaliyobebana vilimani juu ya vichwa vyetu. Pimbi wanaoota jua juu ya mawe hayo ni wa Saanane, kisiwa kidogo hapo karibu na Capri Point kilichopandishwa hadhi kuwa hifadhi ya taifa 2013. Ziwa ni hili letu, ila watu wa Pindeni wanaliita Maji tu, kwa kuwa hawajui kama kuna lingine.

Desturi za kijiji ni mchanganyiko wa Kisukuma, Kizinza, Kikerewe, na uongo wa wachezaji. Ukitaka kuona vitu halisi vya watemi, ngoma zao na vigoda vyao, nenda makumbusho ya Bujora pale Kisesa, njia ya Musoma. Usije kwangu kutafuta historia, mimi nasimulia.

Kwa nini "Pindeni"?

Uwanjani kuna mkuyu. Mwindaji akirudi anautundika upinde wake hapo kabla ya kuingia ndani, awe mtemi awe mgeni. Watu wakawa wanaambiana "tukutane pindeni", jina likaganda.

## Dungu

Dungu ni nini, na kwa nini kijiji kizima kimelizunguka?

Kwa kawaida dungu ni ule ulingo wa miti anaokaa mtu kulinda shamba lisiliwe na ndege na ngedere. La Pindeni lilianza vivyo hivyo: jukwaa juu ya nguzo nne, wawindaji watatu, na moshi chini wa kukaushia nyama. Masika yakawakuta, wakaezeka nyasi. Mwaka uliofuata wakaongeza kuta. Leo ni nyumba ndefu ya nguzo za mvule, hatua arobaini kutoka mlango wa huku hadi wa kule, na moto mmoja katikati usiozimwa. Jukwaa la kwanza bado lipo, limechomoza juu ya paa, na kila usiku mtu mmoja anashika zamu pale.

Ndani hakuna kitanda cha mtu. Hili huwashangaza waliozoea michezo ya kigeni, ambako nyumba ya wawindaji ni kama gesti: ngazi, vyumba, na mwenye nyumba mnene anayemimina pombe. Dungu lina kazi tatu tu, kukausha, kugawa na kusimulia. Hiyo ya tatu tumeitoa kwenye shikome, moto wa jioni wa Wasukuma ambapo wazee hukaa na vijana wa kiume na kuwafunda. Pindeni tumewaingiza na mabinti. Mzee mmoja wa mezani kwetu alinuna wiki mbili, wiki ya tatu akaja na vitendawili.

Mbona hawafugi ng'ombe? Hii si kanda ya Wasukuma?

Mbung'o. Vichaka na misitu ya kandokando ya ziwa ni makao yake, na hubeba vimelea vinavyoua ng'ombe kwa nagana na binadamu kwa malale. Mwanzoni mwa karne ya 20 malale yaliua watu wengi mno katika mwambao na visiwa vya ziwa hili, hasa upande wa Uganda, hadi wakoloni wakahamisha vijiji kutoka ufukweni. Penye mbung'o utakuta watu wa namna mbili: wanaojiandaa kuondoka, na walioamua kuishi kwa windo. Wa Pindeni ni hao wa pili.

Ukishalielewa hili, kijiji chote kinaeleweka. Msukuma anayehesabu utajiri kwa ng'ombe akifika pale anaona mafukara wa kutupwa. Nyama ya porini haizai, haikai zizini, wala huwezi kuitoa mahari mwakani. Mbichi ina siku mbili, iliyokaushwa ina mwezi au zaidi kidogo. Kwa hiyo mtu wa Pindeni anaweka akiba yake ndani ya tumbo la jirani, akitumaini jirani atakumbuka.

Nani anatawala?

Mtemi. Wa sasa ni mwanamke, anaitwa Kwandu. Neno mtemi wengi hulieleza kwa kitenzi kutema, yaani kukata: aliyekata pori la kwanza, au anayekata mashauri. Kwetu maana zote mbili zinafanya kazi, utaona kwenye swali la hatua.

Naulizwa kama si ajabu mwindaji kushika utawala. Si ajabu hata kidogo. Simulizi za asili za jamii nyingi za Afrika Mashariki zinaanza na mwindaji aliyetoka mbali. Anayejulikana sana ni Mbegha wa Usambara: mwindaji wa nguruwe mwitu, akawapa Washambaa nyama, wakampa utawala, na ukoo wake wa Wakilindi ukakaa Vugha kama wafalme. Katika simulizi hiyo hakuja na jeshi. Alikuja na mbwa na nyama.

Mgawo unafanywaje?

Hili ndilo swali linalotugombanisha, basi soma polepole.

Windo likifika Dunguni haliguswi mpaka watu watatu wawepo: aliyelipiga, mtu wa nyumba isiyowinda msimu huo, na mtoto. Mtoto ndiye anayetaja majina, kwa sababu bado hajui nani anamdai nani. Aliyetangulia kulijeruhi anapata paja la kulia, hata kama mwingine ndiye aliyelimaliza. Aliyelimaliza anapata la kushoto. Mwenye mbwa ana shingo, mbwa wenyewe wana utumbo. Maini ni ya wazee kwa kuwa yanatafunika. Kichwa kinabaki Dunguni, kinachemshwa usiku, na supu yake ni ya yeyote aliyeamka. Ngozi ya chui huenda kwa mtemi. Hiyo sikuibuni, ngozi za simba na chui zilikuwa za watawala katika sehemu nyingi za kanda hii.

Kinachobaki, yaani mbavu na mgongo, kinafuata kamba. Kila nyumba ina fundo lake, na leo tunaanzia pale tulipoishia jana. Kamba hiyo ipo kweli mezani, ya katani, mafundo kumi na saba, na imeanza kuchakaa kwa kushikwashikwa.

Kikao kimoja kilichukua muda wa saa nne bila mtu kutoka nje ya Dungu. Kulikuwa na pongo mmoja, mdogo, baada ya mvua kuzuia windo siku sita. Mchezaji wetu ambaye ni fundi pikipiki, mtu asiyependa maneno, akasimama na kusema fundo la nyumba yake lirukwe, zamu iende kwa mjane wa jirani. Mjane akakataa. Kupokea zamu ya mtu, alisema, ni kukubali deni, na yeye madeni ya marehemu yanamtosha. Walibishana mpaka nyama, kwa hesabu yangu, ikaanza kunuka. Siku hiyo tulikuwa na wageni wawili waliokuja kutafuta mapigano. Walikaa kimya mpaka mwisho, na Jumamosi iliyofuata ndio waliotangulia kufika.

## Msitu na Maji

Hizo "hatua" mnazozitaja kila saa ni nini?

Ni umbali kutoka mlango wa Dungu hadi mti wa kwanza wa msitu. Tulianza na hatua 120. Leo ni 83. Msitu wa Pindeni unatembea. Hakuna anayeuona ukitembea. Asubuhi mtu anakwenda kuchuma mlenda, anakuta mvule umesimama palipokuwa na njia.

Wageni wote hudhani msitu hukasirika watu wakiwinda kupita kiasi. Hapana. Ukiua kupita kiasi wanyama wanakwisha na unalala njaa, wala hilo halihitaji uchawi. Msitu husogea mgawo ukiharibika: nyumba ikirukwa bila sababu, nyama ikifichwa, mtoto akinong'onezwa majina ya kutaja. Kosa dogo hatua moja, kubwa hatua tano. Ukubwa wa kosa siamui mimi. Wachezaji wanapiga kura kwa kunde na choroko ndani ya kibuyu.

Kuurudisha nyuma ni kazi ya mtemi peke yake. Anakata mti mmoja kwa shoka lake, na kwa kila mti anaoukata anasahau kabisa mtu mmoja aliye hai. Kwandu amekata minne. Mwanawe wa pili humsalimia kila asubuhi, naye huitikia kwa heshima zote anazopewa mgeni.

Kuna wanyama gani?

Karibu wote ni wa Rubondo: nzohe, yule swala wa matopeni mwenye kwato ndefu zilizochanuka, pongo, kiboko, mamba, fisi maji, ngedere, na tai mlasamaki anayeamsha kijiji kabla ya jogoo. Rubondo hakuna simba wala chui. Mimi nimeongeza chui mmoja, mmoja tu, ili mtu akisikia kikohozi gizani asijiulize ni yupi.

Sokwe sikuwaweka mwanzoni. Wa Rubondo wenyewe ni wageni: waliletwa kuanzia 1966 kutoka Ulaya, walikokuwa wakifungiwa, wakaachiwa wajifunze msitu upya. Mchezaji mmoja aliposikia habari hiyo akadai kuwe na kijiji jirani cha sokwe waliorudi kutoka mahali wasipotaka kupasimulia. Sasa wapo, ng'ambo ya mto, na hawawindwi.

Kuna madragoni? Mazimwi? Vibwengo?

Madragoni hakuna. Shing'weng'we yupo. Kama hukulelewa na bibi wa Kisukuma: ni zimwi lililomeza watu wote na mifugo yao, akasalia mama mmoja mjamzito. Mtoto wake, Masala Kulangwa, alipokua akaliua zimwi na kulipasua, watu wakatoka wazima. Pindeni hatujawahi kuliona. Tunachojua ni kwamba kuna mahali msituni ardhi ni laini na ina joto, na ukipiga kelele sauti hairudi. Vibwengo ni wa pwani, tuwaache huko.

Kwa nini hatuvuki Maji tukaona upande wa pili?

Mnaweza. Ila jueni mnachokiomba. Ziwa Victoria lina zaidi ya kilomita za mraba 68,000, na ingawa si la kina kirefu sana, mita themanini na kitu pale linapozama zaidi, lina tabia ya usiku: pepo za nchi kavu hukutana katikati na kuzaa dhoruba za usiku wa manane. Kwenye mchezo, mtumbwi uliokutwa huko na giza unarusha dadu mara tatu.

Wanaovuka kuja kwetu ni wavuvi wa dagaa. Dagaa hufuata taa, na taa haishindani na mwezi, kwa hiyo mwezi ukiwa mpevu wavuvi hawana kazi. Ndizo siku za soko Pindeni. Ukitaka habari, mgeni au mchumba, subiri mwezi mpevu.

## Chakula na biashara

Mbona hakuna sangara? Na sato je?

Kwa sababu hawakuwepo. Sangara alipandikizwa ziwani kuanzia miaka ya 1950, na sato tunayemla sana leo naye aliletwa miaka hiyo hiyo. Kabla yao kulikuwa na ngege, ningu, kamongo, kambale, dagaa, na furu wa kila rangi. Aina nyingi za furu zilitoweka sangara walipoongezeka miaka ya 1980. Pindeni ni kabla ya hayo yote. Hata gugu maji halijafika. Mchezaji anayesema "navua sangara" ananunua soda za meza nzima.

Basi kwa nini kuna michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa? Viazi vitamu si vya Amerika?

Umenikamata. Viazi vitamu asili yake ni Amerika, sawa na mahindi na mihogo. Mahindi na mihogo niliviondoa, watu wakakubali kula ugali wa mtama na ulezi. Nilipogusa michembe na matobolwa (hivi huchemshwa kabla ya kukaushwa), meza nzima ilisusa. Michembe imebaki. Usiulize tena.

Wanatumia fedha gani?

Majembe na vichwa vya mishale kutoka kwa wafua chuma wa ng'ambo, ambao ni Warongo wa Uzinza niliowabadilisha jina, chumvi, nyama kavu. Bei inapatanwa mezani.

## Wahusika

Mwanamke anaweza kuwinda?

Ndiyo. Swali linalofuata.

Naweza kuwa mganga?

Unaweza, ila mganga hana fundo kwenye kamba. Hula anacholetewa na wagonjwa. Wasipokuja analala njaa, na mganga mwenye njaa ana vishawishi vyake; hapo ndipo utamu wa mhusika huyu ulipo.

Ramli ya kumtaja fulani kuwa mchawi hatuchezi kabisa. Kanda hii vikongwe wamekatwa mapanga kwa maneno ya namna hiyo, na watu wenye ualbino wameuawa. Kuna wanaokaa kwenye baraza letu ambao hayo yalipita karibu na nyumbani kwao.

Naweza kuja na bunduki?

Gobole moja limo, limetundikwa Dunguni. Baruti iliyopo inatosha mlio mmoja, na hakuna anayejua kama imeshika unyevu. Hujatokea bado mtu wa kujaribu.

## Maswali ya pembeni

Mchezo huu hauhimizi ujangili?

Nje ya baraza, kuwinda bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009, na ndani ya hifadhi ya taifa kama Rubondo au Saanane hakuna uwindaji kabisa. Mmoja wa wachezaji wetu ni askari wa wanyamapori. Ndiye anayecheza mwindaji mkali kuliko wote, na ndiye anayenisahihisha nikikosea nyayo za nzohe.

Nikificha nyama na hakuna aliyeniona?

Mimi nimekuona, na msitu pia (tazama swali la hatua). Upenyo upo: ukiificha kwa ajili ya mgonjwa, kibuyu kinaweza kukusamehe. Imetokea mara mbili. Mara ya tatu iligundulika mgonjwa alikuwa mzima wa afya, tukapoteza hatua tano usiku mmoja. Ndiyo maana njia ya kisimani sasa inazunguka.

Nikikosa Jumamosi, fundo langu linarukwa?

Hapana. Anayekaa kushoto kwako anapokea kwa niaba yako na kuandika kwenye daftari. Ukikosa tatu mfululizo, mhusika wako anahesabiwa kuwa yuko Maji na wavuvi, na atarudi mwezi mpevu utakapokuleta.

Mhusika wangu akifa, zamu yake anapewa nani?

Hapewi mtu. Fundo lake halifunguliwi mpaka masika yarudi, na mtoto huendelea kulitaja jina lake kwenye mgawo kama kawaida. Mbavu zake hupelekwa nyumbani kwake. Kama hakuna aliyebaki, zinawekwa mlangoni, na asubuhi hazipo. Wengine wanasema fisi maji, wengine wanasema yule chui. Mimi najua, na sisemi.

Upinde wake hubaki mkuyuni. Kwa sasa ziko pinde tatu zisizo na wenyewe, na tangu vuli iliyopita upinde mmoja umeanza kuchipua majani.